Chemba moja haitoshi, ongeza kabla hujamwaga jamvi

Mkuu, umesema nyumba yako ya vyumba vitatu ina chemba moja tu, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia na kuzibulia bomba la maji machafu, karibu na shimo la choo, fundi anadai nyingine ni gharama za bure, na jamvi, lile zege la sakafu, linamwagwa Jumamosi. Mzuie kwanza. Nyumba yangu ya Kimara niliijenga hivyo hivyo.

Mwaka wa tatu maji ya choo yakaanza kupanda kwenye tundu la bafu. Fundi akaingiza fito za kuzibulia kupitia chemba ile moja, zikagota kama mita tisa ndani, zikagoma kupinda. Pengine pa kuingilia hapakuwepo. Tukakata vigae vya korido kwa grenda, tukavunja zege, tukakuta bomba la jikoni limeungwa kwenye la choo kwa kona ya nyuzi 90. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda pale, meupe kama mshumaa, yamebakiza upenyo wa kidole. Vigae vya rangi ile sikuvipata tena, na kiraka kipo hadi leo.

Chukua ramani, fuata kila bomba kwa kidole. Linapopinda, au mawili yanapokutana, weka chemba, tena nje ya ukuta. Choo kitoke nje kwa njia fupi iliyonyooka, ndipo bomba lipinde. Likilazimika kupinda chini ya jamvi, tumia kona mbili za nyuzi 45, na uache mdomo wa kuzibulia wenye kifuniko, uliolazwa ili fito iingie kwa kufuata maji yanakoelekea. Mbele yake acha walau sentimita 45, fundi apate pa kuinamia. Ukijenga ghorofa baadaye, mdomo mwingine uwe chini kabisa, pale bomba la wima linapotua.

Mteremko wa bomba la inchi 4 ni sentimita 2 hadi 2.5 kwa mita. Ndani ya chemba saruji ichongwe mfereji, kingo zake ziteremke. Sakafu ikiwa bapa kinyesi kinabaki pale pale. Hili mafundi wengi hulipuuza na linaniumiza sana.

Kabla ya kufukia, ziba mwisho wa bomba, jaza maji, angalia kama yanashuka. Piga picha ya mabomba, futi kamba ikionekana.

Ramani yako iweke hapa leo, nikuoneshe pa kuongeza chemba kabla ya hiyo Jumamosi.