Usiache dawa wiki ya sita kwa ajili ya ushuhuda. Mimi niliacha

Mkuu, usiache hizo dawa. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Uko wiki ya sita ya fluoxetine, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, depression), usingizi umerudi, chakula kinapita, na Jumatatu unataka kuacha ili tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, usimame mbele ya vijana wa mtaa useme umeishinda sonona bila kutegemea kidonge. Halafu unatuuliza fulana ziandikwe nini, spika zikodiwe wapi, mtaalamu gani aalikwe, na kama laki tatu itatosha. Siku hiyo ipo tangu 1992, na mwakani itakuwepo tena. Wewe ndiye ninayekuhofia.

Mimi ni fundi wa mageti, Dodoma. Huku kwetu kwenda kwa daktari wa akili ni mtihani, maana Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, iko hapa hapa na utani wake tumekua nao. Mke wangu alinikokota kliniki baada ya miezi mitatu ya kuamka saa tisa usiku, kisha kushinda karakana nimevaa miwani ya kuchomelea na mashine imezimwa, ili watu wasinione macho. Daktari aliposema "sonona" nilidhani anataja kijiji cha Kondoa. Akanipitisha kwenye karatasi ya maswali 9, nikapata 19 kati ya 27. Ni mtihani pekee niliofaulu tangu darasa la saba.

Nikaanza miligramu 20. Wiki mbili za mwanzo ni tumbo tu lililojua nameza kitu. Wiki ya tano nikajikuta napiga mluzi huku nakata bomba.

Hapo ndipo akaingia bwana suti ya bluu. Mhamasishaji. Semina yake ilikuwa na kiingilio cha elfu 15 pamoja na soda moja ya moto. Akasema kidonge ni mkongojo, na mtu hawezi kukimbia na mkongojo mkononi. Mimi hamnazo nikanyoosha mkono, nikaitwa mbele, nikamwaga vidonge vyangu kwenye ndoo ya taka ukumbi mzima ukishangilia. Video ikazunguka kwenye magrupu yote ya mtaa. Kwa siku tatu nilikuwa maarufu kuliko diwani.

Sasa nisikilize vizuri. Wiki ya kwanza bila dawa nilikuwa mzima. Ya pili, mzima kabisa. Nikawa namcheka daktari. Kumbe fluoxetine hutoka mwilini polepole sana, huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo nilikuwa bado natembelea dawa ile ile niliyoitupa. Karibu mwezi wa pili ndipo mzigo uliporudi, na ulirudi na ndugu zake. Nilikuwa nimeshapokea advansi ya mageti matatu, jumla laki tisa. Sikuyagusa. Wateja wakaja, mmoja akaondoka na grenda yangu mpya, mwingine na mashine yenyewe ya kuchomelea, na sikuwa na nguvu ya kusema hata "acha hiyo". Nikaanza kupiga hesabu kwamba nyumba ingekuwa na nafuu bila mimi. Mkuu, ukifikia hesabu hiyo usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu dakika hiyo hiyo, akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Bwana suti nilimpigia. Msaidizi wake akanijibu kuwa ushauri wa mtu mmoja mmoja una bei yake tofauti. Sijawahi kumlaani mtu, ila natumaini suti yake imeliwa na mende.

Na grenda ningeisamehe. Jambo lisiloniacha ni mama mmoja wa mtaa wa pili aliyenifuata karakana, wakati huo haina hata mashine. Akaniambia mwanae aliiona ile video, naye akaacha dawa zake. Za kifafa. Kijana alianguka jikoni, akaungua mkono. Yule mama hakunigombeza hata kidogo, alikuwa anauliza tu kama zangu na zake ni aina moja.

Hapo sina utani.

Niliporudi kliniki maswali yale yale 9 yalinipa 22, yaani hali mbaya kuliko mwanzo. Safari hii nikauliza ipasavyo. Kujisikia vizuri wiki ya sita maana yake dawa imeanza kazi, haijaimaliza. Sisi mafundi tunajua geti lililoshikizwa kwa pointi nne tu za kuchomelea: limesimama, ukilipiga picha ni geti, lakini litundike kwenye bawaba uone. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka uendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, na hesabu inaanza siku uliyopata nafuu, si siku ya kidonge cha kwanza. Kuacha kwenyewe ni kwa kupunguza dozi taratibu, wiki nne au zaidi, daktari akikuangalia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: dawa anaisimamisha aliyeianzisha. Si mhamasishaji, si shemeji, si mimi, wala si wewe ukiwa na furaha. Na kama sababu yako halisi ni mambo ya chumbani kupoa (wengi huacha kwa hilo, kisha husingizia "sitaki kutegemea"), mwambie daktari. Mimi nilimwambia huku naangalia dari. Hakucheka, akaandika kwenye faili, akanieleza kuwa dozi inaweza kurekebishwa au dawa kubadilishwa. Dakika mbili, yakaisha.

Ushuhuda toa ukitaka, lakini panda jukwaani na dawa zako mfukoni, useme unazitumia. Huko kwenye viti kuna mtu wa kisukari, wa presha, wa kifafa, na wote wanatafuta ruhusa ya kuacha dawa zao.

Fulana ziandikwe chochote. Nyeupe huchafuka haraka.

Ila uzi umeuandika saa nane usiku, na umesema usingizi umerudi. Kidonge cha jana ulimeza?