Macho yanauma kisa kompyuta? Anza na meza kabla hujanunua miwani

Mi nipo steshenari karibu na chuo hapa Dar, kazi ni kutaipu risechi za watu, kupanga CV, kuskani vyeti, kujaza fomu za mkopo, yani nikishafungua asubuhi macho yapo kwenye kioo mpaka jioni na nikirudi home simu nayo inanisubiri. Kuna kipindi ikifika saa tisa mchana nahisi kama nimemwagiwa mchanga machoni, herufi zinacheza, kichwa kinagonga hapa juu ya nyusi, mteja anaingia ananiuliza "dada vipi, ulikuwa unalia?" Siku hizi hayo yameisha na wala sijatumia hela ya maana, ndo maana naandika.

Kwanza tutoe uoga. Kioo hakikupofushi, kinakuchosha tu, na kinachochosha zaidi ni kutopepesa. Mtu akiwa anapiga stori zake anapepesa kama mara 15 mpaka 20 kwa dakika, akikodolea kompyuta zinashuka hata chini ya nusu, na hizo chache nazo nyingi ni nusunusu, kope ya juu haifiki chini. Jicho linakauka, na likishakauka sana linajitetea kwa kumwaga machozi, ndo mana unakuta mtu anafuta machozi muda wote afu ukimwambia macho yako makavu anakushangaa.

Dawa yangu hapo ni Ctrl+S. Kila nikisevu kazi nafumba macho kabisa, taratibu, kope zikutane, nafungua, narudia, basi. Kwa kuwa nasevu kila baada ya aya moja mbili imekuwa mazoea, na hata umeme ukikatika risechi ya mtu ipo. Halafu feni jamani. Joto la Dar tunalijua wote, lakini feni ya mezani inayokupuliza usoni kutwa nzima inakausha macho kuliko hata hiyo kompyuta, igeuze ipulize miguuni au mgongoni. Wa ofisi zenye AC na nyie angalieni ule mlango wa hewa unaelekea wapi.

Jambo la pili ambalo steshenari karibu zote tunalifanya, monita kuwekwa juu ya sipiyu. Inaonekana pazuri, imenyanyuka, meza imebaki na nafasi, kumbe unaangalia juu na jicho linakuwa wazi lote upepo unalipiga. Ishushe. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini kidogo, uwe unaangalia kwa kuinamisha macho, na umbali uwe kama urefu wa mkono wako ulionyooka, hapo kwenye sentimita 60 hivi. Kama kwa umbali huo husomi vizuri usiisogelee kompyuta, kuza maandishi, shika Ctrl zungusha gurudumu la mausi, mi nafanyia kazi kwenye asilimia 140 na hakuna kinachobadilika kwenye karatasi, fonti 12 ya mteja inatoka 12 vilevile.

Wanaotaipu kutoka kwenye daftari la mtu, msililaze mezani. Macho yakishuka kwenye daftari yanapiga fokasi ya karibu, yakipanda kwenye kioo yanapiga nyingine, mara elfu kwa siku, na shingo nayo inahangaika. Mi nimechukua kibanio cha nguo nimekigundisha pembeni ya monita, karatasi inaning'inia hapo usawa uleule.

Mwanga nao una kipimo cha bure. Fungua ukurasa mtupu wa Word, shika karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya kioo, kama kioo kinawaka kuliko karatasi punguza, kama kinaonekana kijivu ongeza. Mchana na usiku majibu ni tofauti kwahiyo usiweke mara moja ukasahau. Dirisha au mlango uwe ubavuni kwako, ukiwa nyuma yako unajiona mwenyewe kwenye kioo, ukiwa mbele jua linakupiga. Kuhusu ile ya kugeuza kila kitu kiwe cheusi na maandishi meupe, wengine wanaipenda lakini kama una astigmatizimu, yani umbo la jicho halijakaa sawa pande zote, herufi zinaweza kuonekana zimetawanyika, mi niliitoa.

Kuna kanuni ya 20-20-20 inatajwa sana, kila dakika 20 angalia kitu kilicho futi 20, yani mita 6, kwa sekunde 20. Maana yake ni kwamba ukiangalia karibu kuna msuli ndani ya jicho unakaza, ukiangalia mbali unalegea. Kuhesabu dakika mteja amesimama mbele yako ni ngumu, kwahiyo mi natumia printa, ikianza kutoa kurasa natazama kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara mpaka imalize.

Sasa miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Muuzaji anakuja na katochi kake, anamulika kwenye lenzi ya kawaida mwanga unapita, anamulika kwenye ya kwake haupiti, unatoa hela. Vile vitochi vingi mwanga wake ni wa zambarau, kwenye nanomita 405 hivi (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, kila rangi ina yake), wakati bluu ya skrini za LED ipo zaidi kwenye 450, kwahiyo umeonyeshwa kitu kingine kabisa. Na mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, walikusanya tafiti za hizo miwani wakasema huenda hazipunguzi uchovu wa macho, angalau kwa muda mfupi. Kama unazipenda fremu zake vaa, ni urembo.

Matone ya dawa ndo yananitisha zaidi. Januari 2024 Red Eyes, yani ule ugonjwa wa macho mekundu, ilivyopita hapa Dar kila mtu alikuwa anapokezana vichupa. Machozi ya bandia hayana shida, ila kuna matone yana steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni, yanaondoa wekundu haraka mpaka unayapenda, ukiyatumia kiholela muda mrefu yanaweza kukuletea presha ya macho au mtoto wa jicho. Soma kichupa, uliza mfamasia. Na jicho likiuma kwelikweli, au mwanga unakuchoma, au unaona vimulimuli au pazia upande mmoja, hiyo siyo kompyuta tena, wahi hospitali siku hiyohiyo.

Ukifanya yote na bado kichwa kinagonga, kapime macho, mana inawezekana una tatizo dogo la kuona ambalo kwa kazi nyingine usingelijua. Waliogonga 40 ndo kabisa, ukishaanza kuisogeza karatasi mbali ili usome ujue zamu yako imefika. Ila kabla hujaenda chukua rula upime kutoka jichoni mpaka kwenye kioo chako, kisha umwambie anayekupima. Miwani ya kusomea kwa kawaida inapangwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, ukiivaa kwenye kompyuta iliyo sentimita 60 utaona ukungu na utaanza kuinama kuifuata, na mgongo nao uanze kuuma.