Mtoto anaota meno na anaguguna kitanda cha mbao

Dada wa Tabora, umeuliza ufanyeje na mtoto wa miezi 8 anayeguguna ubao wa juu wa kitanda cha mninga chenye rangi inayobanduka. Anza na kitambaa cha kufunika ubao huo. Kata kitenge cha pamba au fulana nzito, upana sentimita 30, zungusha mara mbili, vuta ikaze, kisha shona upande wa nje. Usifunge kwa kamba ndefu, zinaweza kumnyonga. Wala usiweke sponji, ataimega na itamkaba. Shona viwili, maana kimoja kitalowa mate kila siku.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo rangi inayobanduka. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na ukiipiga msasa vumbi lake ni sumu. Kama ni kitanda cha kurithi na hujui kilipakwa nini, tafuta kingine.

Ubao usio na rangi piga msasa namba 120, kisha 220, mtoto akiwa mbali. Futa vumbi, pakaa nta ya nyuki, hapo Tabora haikosekani. Ichujwe vizuri isibaki na asali, kwani asali haifai kwa mtoto chini ya mwaka 1.

Ufizi nao unamsumbua: mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya kuchemsha yaliyopoa, ang'ate ukiwa naye.