Homoni ya ukuaji ukishavuka 45: anza na usingizi, sindano achana nazo

Kaka nimekusoma, una miaka 47, misuli inapungua, kitambi kinakuja na unataka kuagiza sindano za homoni ya ukuaji mtandaoni. Nakuomba usiagize. Homoni hii kushuka na umri ni kawaida, na ukijidunga bila daktari unaweza kuvimba miguu, viungo vikauma, sukari ikapanda.

Anza na usingizi aisee, maana tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo, inamwaga homoni hii kwa wingi kwenye ule usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na umesema unalala saa nane usiku na simu mkononi, hapo ndo pa kurekebisha kwanza. Simu iache chumba kingine, pombe ya usiku punguza.

Halafu mazoezi ya nguvu mara 2 au 3 kwa wiki, squat na pushapu zinatosha kuanzia, ila zile za mwisho uzimalize kwa shida kweli. Kitambi kikipungua homoni nayo inapanda.

Ila ukiona kichwa kinauma sana au huoni vizuri pembeni, huenda tezi hiyo ina shida, wahi kwa daktari wa homoni. Atapima IGF-1, kitu kwenye damu ambacho mwili unakitengeneza kwa kuamriwa na homoni hii, kwa sababu homoni yenyewe inapanda na kushuka siku nzima, ukiipima mara moja haikuambii kitu.