Tabia "isiyo sahihi" ni tabia gani?

SWALI: Natafsiri kanuni za kazi kutoka Kiingereza, na neno inappropriate limejaa kila ukurasa. Nimeandika: "Mfanyakazi asivae nguo zisizo sahihi, asitumie lugha isiyo sahihi wala kumgusa mwenzake isivyo sahihi." Mwenzangu anasema isiofaa ndiyo yenyewe. Nani kapatia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwenzako kakaribia, ila tahajia imemponyoka. Neno "sahihi" ni la jibu la hesabu, tarehe au anwani. Ukimwambia mtu kavaa nguo isiyo sahihi, atadhani kachukua sare ya idara nyingine. Penye adabu, kitenzi chetu ni kufaa, nacho hufuata ngeli: tabia isiyofaa, maneno yasiyofaa, vitendo visivyofaa. Mwenendo, ulio wa ngeli ya U-I, huwa usiofaa, bila y, na nadhani huko ndiko ilikozaliwa isiofaa. Wapo pia wanaojihami kupita kiasi wakaandika mwenendo usiyofaa. Nalo ni kosa.

Kuna mtego. Kufaa ni pia kuwa na manufaa, kwa hiyo "mfanyakazi asiyefaa" wengi watamwelewa kuwa ni asiyeiweza kazi, si aliyemtukana mteja. Huyo wa pili mwite mtovu wa adabu.

Hata hivyo, nisingerudia kufaa mara tatu. Neno hilo la Kiingereza ni pana, na waandishi wa kanuni hulipenda kwa sababu hukemea bila kutaja jambo lenyewe. Kiswahili kina la kutaja. Kwenye mavazi tuna staha. Lugha huwa chafu, au ya matusi. (Neno "haipendezi" tuwaachie mashangazi, kwenye kanuni halina meno.) Kwenye kugusana ndipo upole unapoponza: anayeshikwashikwa ofisini hapaswi kubahatisha kama kanuni inamhusu. Kesi za namna hiyo zinapofika mahakamani Tanzania, husikii "mguso usiofaa", unasikia shambulio la aibu. Kanuni zako si sheria ya jinai, lakini zinaweza kusema waziwazi kinachokatazwa.

Ningeandika hivi: "Ni marufuku kuvaa mavazi yasiyo ya staha kazini, kutumia lugha chafu, na kumshika mtu mwilini bila ridhaa yake."