Kabla Hujanunua Noki Sensa, Pima Kwanza

Juzi kijana mmoja wa Mbeya ameniandikia: "Kaka, RAV4 yangu ya 1996 inagonga ikipanda mlima na taa ya cheki injini inawaka. Fundi anasema ninunue noki sensa (kile kifaa kinachosikia injini ikigonga). Ninunue?"

Mdogo wangu, usinunue kwanza. Nanyi wengine wenye injini ya 3S-FE kama hiyo ya RAV4 yake, najua nia yetu ni moja: gari la zamani litufikishe Mbeya na liturudishe, hela ya kuagiza jingine ikae kwenye kiwanja au ada za watoto.

Langu lilianza kwa uvivu. Unakanyaga mafuta, linajivuta. Fundi wa kwanza alilegeza bolti za distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, akaizungusha kwa kusikiliza tu mpaka gari likachangamka, akachukua hela yake. Nikasafiri nalo. Tulipopita Ruaha Mbuyuni, na joto la bonde lile mnalijua, nikaanza kuupanda Mlima Kitonga na kila nikikanyaga nasikia mlio mkavu wa chuma: tik-tik-tik. Hapo petroli na hewa vinajilipukia ndani ya silinda badala ya kuwaka taratibu kutoka kwenye plagi. Ukiuvumilia mlio huo, unakula pistoni.

Gereji ya pili walisoma kodi, yaani namba ya kosa, ikatoka 52, wakaniuzia noki sensa. Taa ikarudi. Wakasema basi ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Mpaka leo inaniuma, maana hakuna aliyeshika testa hata mara moja. Nikachukua funguo zangu, nikafungua boneti mwenyewe nyumbani.

Noki sensa haitengenezi kelele. Imefungwa kwenye bloku, inasikia mtetemo na kuitaarifu kontroli boksi, nayo inachelewesha cheche. Kuibadilisha ili mlio uishe ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga filimbi. Tena kodi 52 haisemi sensa imekufa, inasema taarifa yake haifiki. Nilipopima waya kutoka kwenye soketi ya sensa hadi pini ya KNK kwenye kontroli boksi, umeme haukupita: waya ulikauka kwa joto chini ya manifodi na kukatika ndani ya ganda lake.

Basi hadithi yote ikajipanga. Waya umekatika, kontroli boksi haisikii kitu, inachelewesha cheche kwa tahadhari, gari linakuwa zito. Fundi anasukuma distributa mbele ili cheche iwahi, kuficha uzito huo. Joto na mlima vikikutana, injini inagonga. Niliunga waya, nikapima taimingi, yaani cheche inawaka digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu, nikakuta zaidi ya digrii 20 wakati inatakiwa 10! Nikairudisha. Kitonga nimeupanda tena na familia nzima, kimya, na nimejivunia sana.

Kwa hiyo pima. Tafuta kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa inavyomweka: tano, kituo, mbili, ndiyo 52. Ikitoka 22, ni sensa ya joto la maji au waya wake. Ing'oe uipime: kwenye nyuzi 20 usome omu 2,000 hadi 3,000, na kwenye maji ya nyuzi 80 usome 200 hadi 400. Taimingi nayo ipimwe kwa taa yake maalumu, injini ikiwa imepata moto na TE1 na E1 zimeunganishwa. Bila kuunganisha, namba unayoisoma haina maana. Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI kidogo ili kodi zifutike, kisha endesha gari ndipo usome tena, maana ikishafutwa, 52 haijiandiki upya mpaka injini ifanye kazi.

Ndugu zangu, acheni kununua spea kwa kubahatisha. Pima, ndipo ununue. Fundi anayekataa kupima, mwambie asante, ondoka na gari lako. Hela ni yako, barabarani ni wewe na wanao.

Wewe wa Mbeya, kama waya ni mzima na taimingi iko kwenye 10 lakini bado inagonga, angalia mipira ya vakyumu iliyopasuka, filta ya petroli na rejeta. Kisha niandikie kodi uliyoipata na digrii za taimingi ulizosoma kwenye puli ya injini.