Jibu: Waifai inakatika kila jioni, taa za ruta zinawaka

Mkuu, umesema waifai inakatika kila jioni ilhali taa zote zinawaka, na ukizima ruta na kuiwasha inatulia kwa muda. Usikimbilie kununua nyingine. Ikikatika tena, chomeka kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta. Kwa kebo nako hakuna kitu? Basi ni laini ya intaneti inayoingia kwako au ruta yenyewe. Kagua adapta (chaja ya ruta): volti zake zilingane na zilizoandikwa chini ya ruta. Kuna watu wanachomeka ya 9V kwenye ruta ya 12V, taa zinawaka vizuri tu, mzigo ukizidi inajizima na kuwaka.

Kwa kebo ikipeta, shida ni mawimbi, na mimi nashuku hapo. Jioni majirani wote wako hewani kwenye 2.4 GHz, masafa ya waifai yanayotumiwa na wengi. Ukiwasha upya, ruta huweza kuchagua chaneli nyingine (njia ndani ya masafa hayo), huenda ndiyo maana inatulia. Ichagulie wewe kwenye mipangilio ya ruta: chaneli 1, 6 au 11, yoyote yenye msongamano mdogo, upana wa chaneli uwe 20 MHz. Vifaa vya karibu na ruta vihamishie 5 GHz, masafa mengine ya waifai, ila kuta zitaisumbua.

Ukipima kwa kebo, tuambie ilikuwaje.